Wosia wa mkulima wa Wilmcote: ukoo wa kijijini Uingereza ulivyofuatiliwa karatasi kwa karatasi

Tarehe 24 Novemba 1556, katika kijiji cha Wilmcote, maili tatu hivi kutoka mji wa Stratford-upon-Avon, mkulima Robert Arden alitoa wosia wake. Binti zake walikuwa wanane. Kitinda mimba wao, Mary, aliachiwa ardhi yote ya Wilmcote iliyoitwa Asbies, pamoja na mazao yaliyokwisha kupandwa humo, na juu yake pauni 6, shilingi 13 na peni 4. Mzee hakukaa sana baada ya hapo. Tarehe 9 Desemba wathamini walikuwa wamekwisha kuhesabu mali yake, na tarehe 16 Desemba wosia ukathibitishwa.

Mary huyo ndiye mama yake William Shakespeare. Nalitaja jina hilo mapema ili lisitusumbue, kwa maana kisa ninachotaka kukichambua si cha mshairi. Ni cha wakulima waliomtangulia. Kwa ajili ya umaarufu wake, kila karatasi iliyougusa ukoo huu imefunuliwa, ikasomwa na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka 200. Lakini karatasi zenyewe ni zile zile alizoacha mkulima yeyote wa upande ule: wosia, orodha ya mali, hati ya kupangisha shamba, faini ya baraza, mstari mmoja katika daftari la ubatizo. Anayetafuta ukoo wowote wa kijijini Uingereza atakutana na hizo hizo, na mashimo ya kutumbukia ni yale yale.

Shimo la kwanza ni kutafuta pasipo. Kabla ya 1858 mambo ya wosia nchini humo yalikuwa mikononi mwa mahakama za Kanisa. Wilmcote na Stratford ziko katika kaunti ya Warwickshire, lakini kikanisa zilikuwa chini ya dayosisi ya Worcester. Kwa hiyo anayekimbilia Warwick kutafuta wosia wa mkulima wa huku anarudi mikono mitupu, na pengine anahitimisha kwamba marehemu hakuacha wosia. Robert Arden alithibitishiwa wosia wake Worcester. Aliyekuwa na mali ya maana katika dayosisi zaidi ya moja, wosia wake ulipanda hadi mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na nyaraka za mahakama hiyo leo ziko Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Huko ndiko uliko wosia wa mjukuu wake William.

Sasa tuusome wa Robert. Unafunguka kwa kuikabidhi roho kwa Mwenyezi Mungu, kwa Bibi Mtakatifu Maria na kwa jamii yote takatifu ya mbinguni. Wengi wamejenga hapo hoja ndefu juu ya imani ya familia. Mimi ningekwenda polepole. Mwaka 1556 Malkia Mary wa Kwanza alikuwa amekwisha kuirudisha nchi kwenye Ukatoliki, na maneno ya kufungulia wosia mara nyingi yalikuwa ya mwandishi aliyeitwa kuuandika, si ya mgonjwa. Ukitaka kumsikia mzee mwenyewe, ruka utangulizi, nenda kwenye masharti.

Na sharti lipo. Mke wake, Agnes, alikuwa mke wa pili, mjane aliyekuja na watoto wake. Robert anamwachia pauni 6, shilingi 13 na peni 4, lakini kwa sharti amwache binti yake Alice akae kwa amani katika nusu ya shamba la kupanga la Wilmcote. Asipomwacha, apate pauni 3, shilingi 6 na peni 8 tu, pamoja na haki yake ya ndoa kule Snitterfield, kijiji kingine cha upande ule. Yaani fedha zinakatwa nusu. Sentensi hiyo moja inakuonyesha mama wa kambo na mabinti wakubwa wakiishi pamoja, na baba anayejua kitakachotokea akishafumba macho. Kuwa wasii, yaani watekelezaji wa wosia, hakumchagua mke, wala mkwe yeyote kati ya wale aliokuwa nao. Aliwachagua Alice na Mary.

Hapa wosia unatupa jambo ambalo daftari la kanisa haliwezi kutupa. Ndoa ya Mary na John Shakespeare haionekani popote. Parokia yao ilikuwa Aston Cantlow, na daftari la parokia hiyo linaanza mwaka 1560. Lakini Novemba 1556 Mary anatajwa kama binti wa nyumbani ambaye bado hajaolewa, na tarehe 15 Septemba 1558 mtoto Joan, binti wa John Shakespeare, anabatizwa Stratford. Ndoa basi imekaa katikati ya tarehe hizo mbili, na yaelekea sana ni 1557. Hivyo ndivyo kazi hii inavyofanyika: hati mbili zisizozungumzia ndoa zinaibana ndoa kutoka pande mbili mpaka inabaki na nafasi ya miezi.

Orodha ya mali ya Robert ilifika pauni 77, shilingi 11 na peni 10. (Shilingi 20 zilifanya pauni, na peni 12 zilifanya shilingi; jina la shilingi yetu lilitoka huko huko.) Naipenda orodha hii kuliko wosia wenyewe. Kuna maksai wanane wa kuvuta jembe. Kuna ndama, farasi, kondoo, nguruwe, ngano iliyo ghalani. Nyuki na kuku wamewekwa pamoja na kuthaminiwa shilingi 5. Halafu ndani ya nyumba, ukutani, kuna vitambaa 11 vilivyochorwa picha. Matajiri wa wakati ule walitundika mazulia ya ukutani yaliyofumwa kwa sufu. Aliyeshindwa gharama yake alinunua kitambaa na kukichoresha. Kwa mkulima kuwa navyo 11 ni dalili ya nyumba iliyoshiba. Tahadhari tu: orodha za namna hii zilihesabu vitu na mifugo, si ardhi. Anayechukua zile pauni 77 kuwa ndizo mali yote ya Robert Arden ameacha mashamba nje ya hesabu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ipi? Hapa kisa kinanoga.

Mwishoni mwa karne ya 18, John Jordan, fundi wa magurudumu wa kijiji cha Tiddington aliyependa historia za kwao, alionyesha nyumba moja nzuri ya mbao pale Wilmcote na kusema ndiyo kwao Mary Arden. Hakukuwa na hati. Lakini nyumba ilikuwa ya kale, inapendeza, na watu walitaka iwe hiyo. Mwaka 1930 taasisi inayotunza nyumba za familia ya Shakespeare iliinunua, na wageni wakaendelea kumiminika humo. Mwaka 2000 mtafiti wa majengo ya kale, Nat Alcock, alipofuatilia umiliki wa nyumba za kijiji kupitia nyaraka, aligundua kwamba ile ilikuwa ya jirani. Kwao Mary ni nyumba iliyo karibu yake, Glebe Farm, ambayo watu walikuwa wakiipita bila kuitazama mara mbili. Bahati ilikuwa kwamba taasisi hiyo hiyo ilikuwa imeinunua mwaka 1968, pasipo kujua. Wataalamu wakasoma pete za mbao zake wakakuta zilikatwa mnamo 1514 hivi, wakati unaoingiana na ukoo wa Arden.

Na jirani aliyekuwa na ile nyumba nzuri ni nani? Adam Palmer. Jina lake limo ndani ya wosia wa Robert Arden. Yeye, Hugh Porter wa Snitterfield na John Skarlett ndio waliotajwa kuwa waangalizi, watu wa kuhakikisha wasii wanatekeleza walichoagizwa. Kila aliyeusoma wosia alilipita jina hilo. Miaka 200 hivi watu walisimama mbele ya nyumba ya mwangalizi wa wosia wakiamini wamesimama kwa mwenye wosia. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi na wosia wa kale, namwambia aanzie mwisho: mashahidi, waangalizi, wadai na wadaiwa. Wanafamilia unawajua tayari, ndio uliokuja kuwatafuta. Majirani ndio watakaokutoa gizani.

Ushahidi mwingine wa hilo uko Shottery, kijiji kilicho jirani na Stratford. Richard Hathaway alitoa wosia tarehe 1 Septemba 1581, akamwachia binti yake Agnes pauni 6, shilingi 13 na peni 4 za kulipwa siku atakayoolewa. Mke wa William Shakespeare anajulikana kwa jina la Anne. Je, ndiye? Agnes na Anne yalikuwa yakibadilishana wakati ule, lakini hilo peke yake halitoshi. Kinachofunga fundo ni watu wa pembeni. Tarehe 28 Novemba 1582 wakulima wawili wa Shottery, Fulk Sandells na John Richardson, waliweka dhamana ya pauni 40 mbele ya ofisi ya askofu wa Worcester ili William na Anne Hathaway waoane kwa tangazo moja la kanisani badala ya matatu. Sandells ni mmoja wa waangalizi wa wosia wa Richard Hathaway. Richardson ni shahidi wake. Kisha miaka 20 karibu ikapita, na mchungaji kondoo wa familia hiyo, Thomas Whittington, ambaye Richard Hathaway alimtaja katika wosia wake, naye akaandika wake mwaka 1601: shilingi 40 kwa maskini wa Stratford, na fedha hizo, anasema, ziko mkononi mwa Anne, mke wa William Shakespeare. Mchunga kondoo ndiye aliyemuunganisha binti wa Shottery na mke wa Stratford.

Ofisi hiyo hiyo ya Worcester pia inatufundisha kutomwamini karani kupita kiasi. Siku moja kabla ya hati ya dhamana, daftari lao limeandika kibali cha William Shakespeare kumwoa Anne Whateley wa Temple Grafton. Watu wametunga kisa cha mapenzi ya watu watatu juu ya mstari huo. Lakini siku ile ile ofisi ilikuwa na shauri la zaka la kasisi aitwaye Whateley. Mkono wa karani uliteleza, ndivyo ninavyoamini, na hakuna hati nyingine inayomjua huyo Anne wa pili.

Upande wa Shakespeare ni mgumu zaidi, kwa sababu babu hakuacha wosia. Richard Shakespeare alilima Snitterfield, maili chache kaskazini mwa Stratford. Anaonekana huko kuanzia 1529, na namna anavyoonekana ni ile ya wakulima wengi: mabaraza ya wenye ardhi yanamtoza faini. Mwaka 1550 Robert Arden, akigawa mali yake ya Snitterfield kwa binti zake, alieleza kwamba nyumba na shamba lile alikuwa akilikalia Richard Shakespeare. Tarehe 21 Mei 1560 Agnes, sasa mjane wa Robert, akampangisha ndugu yake Alexander Webbe mali hiyo, na jina la Richard bado limo kati ya wanaoikalia. (Alexander huyo alikuwa amemwoa Margaret, mmoja wa binti wa kambo wa dada yake. Ukichora ukoo huu kwenye karatasi, kalamu itarudi ilikotoka mara kadhaa.) Kwa hiyo John Shakespeare alioa binti wa mwenye shamba la baba yake. Hakuna aliyeandika sentensi hiyo wakati ule. Inatoka kwenye hati za upangaji.

Februari 1561 Richard alikuwa amekwisha kufa. Mali yake, pauni 38 na shilingi 17, ilikabidhiwa John Shakespeare, anayetajwa kuwa mkulima wa Snitterfield. Hati ukiiona imeandikwa 1560, usishtuke: mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi mpaka mabadiliko ya 1752, hivyo Februari yetu ya 1561 kwao ilikuwa bado 1560. Wasiojua hili huwazika watu kabla ya kufa.

Lakini je, John mkulima wa Snitterfield ndiye John wa Stratford, mtengeneza glavu, ambaye Aprili 1552 alitozwa shilingi moja kwa kurundika samadi mtaa wa Henley? Kazi mbili, makazi mawili. Mtafutaji mwangalifu lazima asimame hapo. Jibu linapita kwa mdogo wake. Mwaka 1587 mtu aitwaye Nicholas Lane alimshtaki John wa Stratford kwa sababu alikuwa amedhamini pauni 10 za deni la Henry Shakespeare, na shauri linasema wazi kwamba Henry ni ndugu yake. Henry alikuwa mkulima wa Snitterfield, akazikwa huko Desemba 1596. Deni la ndugu limeunganisha kijiji na mji.

Hata mjini kulikuwa na mtego. Mwandishi wa maisha ya mshairi mwaka 1709 alisema baba huyo alikuwa na watoto kumi. Baadaye ikabainika, kwa kazi ya mtafiti Edmond Malone hasa, kwamba daftari la Stratford lina John Shakespeare wawili, na wa pili alikuwa fundi viatu. Kilichowatenganisha ni neno dogo la heshima: mtengeneza glavu alipokuwa mkuu wa mji mwaka 1568, makarani walianza kumwandika kwa cheo cha Bwana, na fundi viatu hawakumpa. Watoto wa John na Mary walikuwa wanane. Kati yao kuna Joan wawili, wa 1558 na wa 1569. Wa kwanza alifariki mdogo na jina likarithiwa.

Asbies ya Mary haikudumu mkononi mwake. Novemba 1578, mambo yalipowabana, yeye na mumewe waliiweka rehani kwa shemeji yao Edmund Lambert, mume wa dada yake Joan, kwa pauni 40 za kurudishwa ifikapo Septemba 29, 1580. Hazikupokelewa, ardhi ikabaki kwa Lambert. John na Mary walikuwa bado wanaidai mahakamani London mwaka 1597, miaka 41 baada ya ule wosia. Ni huzuni kuisoma, lakini kwa mtafuta ukoo ugomvi wa ardhi ni hazina, maana pande zote hulazimika kueleza nani ni nani kwa nani.

Nyuma ya Richard, njia inakatika. Familia ilipoomba nembo ya heshima mwaka 1596, ilielezwa kwamba mababu walituzwa na Mfalme Henry wa Saba. Hakuna hati ya tuzo hiyo iliyopatikana. Kule Wroxall, kaunti hiyo hiyo, walikuwepo watawa na watu wengine wa jina la Shakespeare kabla yake, na wengi wametamani kumfunga Richard nao. Jina kufanana si undugu. Mimi nasimama kwa Richard wa 1529, na yeyote anayenipeleka nyuma ya hapo nitamwomba anionyeshe karatasi.

Kwenda chini ni rahisi zaidi, na hapo nataka kumalizia na wosia wa William. Una kurasa tatu. Tarehe yake iliandikwa Januari, ikakatwa, ikawekwa Machi 25, 1616. Alifariki Aprili 23. Ndani yake anamtaja Elizabeth, binti wa binti yake, kwa neno ambalo Waingereza wa leo hulitumia kwa binti wa ndugu tu. Sisi tunaoita ndugu nusu ya kijiji hatutashangaa; lakini wapo waliochora ukoo vibaya kwa neno hilo moja. Dada yake Joan, yule wa 1569, anaachiwa pauni 20, nguo zake zote, na haki ya kukaa katika nyumba ya mtaa wa Henley kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Wana watatu wa Joan wanaachiwa pauni 5 kila mmoja. Wa kwanza ni William Hart. Wa tatu ni Michael. Wa katikati hana jina: karani ameacha nafasi tupu mbele ya neno Hart, na hakuna aliyerudi kuijaza. Daftari la ubatizo linatuambia aliitwa Thomas, alibatizwa Julai 1605, na wakati huo alikuwa na miaka 10.

Elizabeth, mjukuu wa mwisho wa William aliyekuwa amebaki hai, alifariki Februari 1670 bila mtoto, na uzao wa mshairi ukaishia hapo. Katika wosia wake nyumba za mtaa wa Henley zinakwenda kwa jamaa yake, na safari hii karani ameandika jina kwa ukamilifu: Thomas Hart, mwana wa Thomas Hart wa Stratford. Baada yake nduguye George. Ukoo wa Hart ulizishika nyumba hizo mpaka 1806, na wote waliozishika walitoka kwa yule mtoto ambaye nafasi yake iliachwa tupu.